Historia ya Vernon Gaines wa Tatu, Ambaye Dunia Ilimjua kwa Jina la Gaines Isom

Mchungaji Tillery, mashemasi na kina mama wa Kanisa la Mlima Pisga, majirani zetu wa Ellisboro, pamoja nanyi mliosafiri kutoka New York na California ili kusimama nasi leo Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, familia ya Gaines inawasalimu na kuwashukuru kwa kuja.

Wenyeji mnajua kwamba hapa kwetu historia ya marehemu huchapwa kwenye karatasi ya ibada, na ikifika zamu yake mwongoza ibada hutuomba tuisome kimya kimya, kinanda kikipigwa kwa chini, kila mtu akainama akasoma yake akageuza ukurasa. Leo baba mzazi wa marehemu, Shemasi Vernon Gaines, ameomba isomwe kwa sauti, yakiwemo mambo ambayo hayamo katika karatasi mlizonazo, ambayo yeye mwenyewe anaona haya kuyasikia, na familia iliyokaa jikoni kwake juzi Alhamisi imekubali, ingawa haikukubali upesi. Mtaona pia kwamba karatasi hizo hazikutaja jina litakaloandikwa kwenye jiwe la kaburi, kwa sababu zilipopelekwa kuchapwa Jumanne familia ilikuwa haijapatana kuhusu jina hilo, na kutopatana huko hakukuanza wiki hii.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1994, katika hospitali ya kaunti hapa Ellisboro, jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Shemasi Vernon Gaines na marehemu Bi. Ardelia Isom Gaines, akitanguliwa na dada yake, Renita. Babu yake, Vernon Gaines wa Kwanza, aliyeanzisha kazi ya ufundi bomba wakati nyumba nyingi za upande wetu wa reli hazikuwa na choo cha ndani, alimpakata kabla mama yake hajamtazama vizuri, akamwagiza muuguzi aandike Vernon Gaines, aongeze namba tatu ya Kirumi, na asikosee. Nyumbani aliitwa Trey, kama wanavyoitwa wengi wa tatu huku kwetu, na Vernon likabaki jina la ubatizo, la karatasi za shule, na la siku ambazo mama yake alikuwa amemkasirikia.

Mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu ilikuwa hapa hapa, Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1998, akiwa na umri wa miaka minne, alipopewa mistari miwili ya kusema kama watoto wote wanavyopewa siku hiyo, akaisahau yote miwili, akatazama kina mama wa kanisa waliovaa kofia zao nyeupe, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba Yesu amefufuka na yeye ana njaa. Wapo humu wanaokumbuka kwamba kanisa zima lilisimama, na kwamba hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kukaa.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa mjini, akajiunga na sekondari ya kaunti mwaka 2008, na kila likizo ya kiangazi alifanya kazi na baba yake katika gari jeupe lililoandikwa ubavuni Vernon Gaines na Mwana, kazi yake ikiwa kuingia chali katika uwazi mfinyu ulio chini ya sakafu za nyumba zetu za mbao, kummulikia baba yake tochi na kumpokeza spana. Huko chini ndiko alikozoea kuimba, kwa kuwa alisema giza lilimtisha na sauti ililisogeza mbali, na marehemu Bi. Hattie Crume wa Mtaa wa Depot aliwahi kumpigia Shemasi simu kumwarifu kwamba bomba lake limeacha kuvuja lakini limeanza kuimba tenzi, kwa hiyo wasiharakishe kulimaliza. Alipoigiza nafasi kuu katika mchezo wa kuaga shule, Mei 2012, Shemasi alikaa kiti cha mbele akiwa na shati lake la kazi lenye jina kifuani, na kila aliyekaa karibu naye aliambiwa kwamba yule pale ni Vernon Gaines, na huyu hapa pia ni Vernon Gaines.

Baada ya sekondari alisomea uigizaji na muziki katika chuo kimoja huko Atlanta kwa miaka miwili, na ni katika kipindi hicho, tarehe 18 Novemba 2013, mama yake alipofariki ghafla kwa kiharusi, naye mwanawe akamwimbia siku ya mazishi kutoka mahali hapa ninaposomea, bila kinanda. Juni 2014 alihamia New York, na baba yake, ambaye alikuwa ametumaini kwamba maneno ya ubavuni mwa gari lile yatabaki kweli, hakumzuia, alimfikisha kituo cha basi, akampa sanduku la spana, na kumwambia kwamba mji wenye watu wengi kiasi hicho hauwezi kukosa bomba linalovuja. Sanduku hilo lilimsaidia, maana alizibua masinki ya jengo zima alilopanga, akahudumu mezani katika mkahawa, akaimba katika kundi la nyuma la michezo ya jukwaani, akawa mwigizaji wa akiba wa watu ambao hawakuugua hata siku moja.

Oktoba 2015 alipata kazi yake ya kwanza iliyomtaka aingie chama cha waigizaji, na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa hiyo inafaa uelezwe sawasawa. Chama kile hakiruhusu wanachama wawili kutumia jina moja kazini, ili sifa ya mmoja isimwendee mwingine, na jina la Vernon Gaines lilikuwa tayari lina mwenyewe, mzee mmoja wa Newark aliyelitumia tangu ujana wake, na kuongeza namba tatu mwishoni hakukutosha. Marehemu alichukua jina la ukoo la baba yake akaliweka mbele, akachukua jina la ukoo wa mama yake, aliyekuwa ametutoka karibuni, akaliweka nyuma, akawa Gaines Isom jukwaani, huku katika mambo yote ya sheria akibaki Vernon Gaines wa Tatu. Alimpigia baba yake simu kumweleza, akamkuta chini ya nyumba ya mtu akaambiwa apige baadaye, akapiga tena wiki ile ile, Shemasi akazungumzia breki za gari mpaka mwisho, na marehemu, ambaye hakulelewa kumkatiza mkubwa, akaliacha jambo lenyewe kwa siku nyingine.

Siku hiyo haikufika kabla ya Jumapili, tarehe 11 Februari 2018, ilipoanza tamthilia ya runinga kuhusu familia ya wazima moto ambamo yeye aliigiza kama kijana mdogo kuliko wote kituoni. Shemasi alikuwa ameitangaza kwa wiki nyingi, katika maduka ya vifaa, kwa kinyozi, hata mwishoni mwa ibada akiwa ameshika kapu la sadaka, na ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa watu, kambare wa kukaanga, makaroni na jibini, na keki tatu zilizoandikwa Vernon kwa sukari. Ilipokwisha alisimama akaomba watu wasiondoke, wangoje majina yapite kwenye kioo, ili waone jina ambalo baba yake alilileta mjini humu akiwa na spana moja. Majina yakapita, uso wa Trey ukatokea tena, na chini yake pakaandikwa Gaines Isom. Ndipo Shemasi Purvis Hamm, aliyeruhusu maneno yake yasomwe leo, akauliza, "Vernon, jina lako limekwenda wapi, au limekwama kwenye bomba?"

Watu walicheka, kwa kuwa lilikuwa na uchekeshaji wake, na Shemasi Gaines alicheka pia kidogo, akaweka sahani chini, akatoka nje akakaa ndani ya gari lake. Simu ya mwanawe ilimkuta humo humo.

"Baba, umeiona?"

"Nimeiona. Nimemwona kijana mmoja anaitwa Isom."

"Ni chama, Baba, ndilo nililotaka kukwambia. Jina letu lina mtu tayari."

"Lina mtu, ndiyo," Shemasi alijibu. "Mimi."

Akakata simu. Renita alimweleza kanuni ile kesho yake, na mara nyingi baada ya hapo, naye akasema kwamba yeye ana leseni ya ufundi tangu mwaka 1983, kwamba katika kaunti jirani yuko Gaines mwingine mwenye leseni, na hakuna ofisi iliyowahi kumwambia yeyote kati yao ajiite kitu kingine, kwa hiyo hicho ni kisingizio cha kijana anayeona haya kwamba baba yake anazibua vyoo. Akiulizwa habari za mwanawe kanisani, alijibu kwamba kama ni huyo Isom, waulizwe wajomba zake. Machi mwaka ule alipaka rangi nyeupe juu ya neno Mwana ubavuni mwa gari, na kwa kuwa ilikuwa nyeupe tofauti kidogo, mji mzima ulijua palikuwa na nini.

Marehemu aliendelea na kazi yake. Alidumu katika tamthilia ile kwa misimu mitatu, akaigiza na kuimba katika mchezo mkubwa wa jukwaani New York kwa zaidi ya mwaka mmoja, akatoa albamu ya nyimbo zake mwenyewe Septemba 2020, na popote alipohojiwa kuhusu mahali alipojifunzia kuimba alijibu kwamba ni chini ya nyumba za watu, akiwa amelala chali, akimshikia tochi fundi hodari kuliko wote Georgia. Mahojiano hayo yalirushwa hewani, yalitazamwa na watu wasiomfahamu fundi huyo, na fundi mwenyewe hakuyatazama.

Alifunga ndoa na Corinne Batiste, msimamizi wa jukwaa mzaliwa wa Lafayette, jimbo la Louisiana, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, katika kanisa la nyumbani kwao bibi arusi, na kiti cha baba wa bwana arusi, katika safu ya mbele, kilibaki kitupu kuanzia wimbo wa kuingia hadi wa kutoka, kwa sababu Shemasi alituma ujumbe kwamba bomba kuu la shule limepasuka, na familia yote ilijua kwamba hakuna bomba la shule lililopasuka. Walijaliwa mtoto mmoja, Ardelia Renee Gaines, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2021, na jina hilo la mwisho halikumfikia babu yake, kwa kuwa kila alipoanza kuambiwa habari za mjukuu aliuliza kama leo hapakuwa na kazi ya kufanya.

Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akafanyiwa vipimo New York, ikaonekana ana saratani ya utumbo iliyokwisha kusambaa. Alifanyiwa upasuaji Septemba, akaendelea na matibabu ya dawa hadi Januari, na ilipoonekana kwamba dawa hazifanyi kazi tena, Renita alimwendea baba yake akiwa kazini, akamwambia pale pale, mbele ya mteja. Shemasi alifunga valvu, akanawa mikono, na tarehe 30 Januari 2024 akapanda ndege pamoja na Renita, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Aliingia hospitali peke yake, kwa kuwa Renita alikuwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari, na katika meza ya mapokezi akaomba aonyeshwe chumba cha Gaines Isom. Mhudumu alitafuta, akamwambia hawana mgonjwa wa jina hilo. Shemasi akarudia jina, akalitamka herufi kwa herufi, yeye ambaye kwa miaka sita hakulitamka lote kwa pamoja hata mara moja, akasema ni mwanawe, ni mtu anayeonekana katika runinga, na mhudumu akamjibu kwa upole kwamba anamfahamu vizuri, lakini hospitali hulaza watu kwa majina yao halisi, na je, yeye hajui jina halisi la mwanawe? Renita alimkuta akiwa amesimama pale, ameshika kofia, na ni yeye aliyemjibu mhudumu. Chumba kilikuwa cha Vernon Gaines wa Tatu, kama mkataba wa nyumba, cheti cha ndoa na cha kuzaliwa mtoto, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuliacha jina lile popote ambapo aliruhusiwa kulibeba.

Nje ya mlango wa chumba alikuwa ameketi mzee mmoja Mzungu, mwembamba, mwenye ubao wa drafti magotini. Shemasi, akijaribu kuwa mstaarabu, akamuuliza yeye ni nani.

"Vernon Gaines," mzee akasema.

"Mzee, leo si siku ya kunitania. Vernon Gaines ni mimi."

"Basi ndiwe baba yake. Aliniambia utasema hivyo hivyo."

Mzee huyo, ambaye yuko nasi leo katika safu ya tatu, alikuwa amefanya kazi ya uigizaji maisha yake yote, akawa mhudumu wa hoteli, maiti, na hakimu asiye na neno la kusema, na alifahamiana na marehemu kwa sababu simu za mmoja zilikuwa zikimwendea mwingine. Alimweleza Shemasi kwamba aliposikia habari za ugomvi alijitolea kuliachia jina, kwa kuwa hakuwa tena na kazi nyingi za kulitumia, na marehemu alimkatalia, akisema mtu aliyelibeba jina lake katika baridi na njaa kwa muda wote ule hawezi kuombwa alitue mlangoni kwa ajili ya kijana aliyefika jana. Shemasi alikaa katika kiti cha jirani. Aliyekuwa akimwita kisingizio alikuwa mbele yake, ana magoti mabovu, anamwuliza kama anacheza drafti.

Ndani ya chumba hakuweza kusema lile aliloendea. Alimsalimia mwanawe, akampakata mjukuu, akasikia koki ya sinki ikidondosha, akaomba ruhusa ya wauguzi, akaifungua, na Trey, aliyekuwa amedhoofika sana, akamwambia, "Baba, ukimaliza hiyo, chumba cha jirani nao wana mgonjwa kama huyo." Shemasi alicheka, akatengeneza na ya chumba cha jirani, na alirudi kila siku na kila siku alipata kitu cha kukaza.

Alasiri moja ya katikati ya Februari marehemu aliomba watazame pamoja kipindi kimoja cha ile tamthilia, na akaomba kisizimwe hadi majina yapite. Jina lake lilipotokea alinyoosha kidole.

"Tazama, Baba. Kila aliyeniita alianza kwa kukuita wewe."

Shemasi Gaines alijibu kwamba koki ile sasa itadumu. Ametaka hilo lisomwe kama lilivyokuwa, bila kulainishwa, kwamba mwanawe alimfungulia mlango wazi kiasi hicho naye akazungumza habari za koki, kwa kuwa alikuwa ameona haya, na alijiahidi kwamba kesho yake angekuwa amezipanga sentensi zake. Kesho yake marehemu hakuamka kwa namna ya kuzungumza tena. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, mkewe akiwa upande mmoja wa kitanda na baba yake upande wa pili, akiwa amebakiza muda mfupi kutimiza miaka thelathini.

Kuhusu jiwe, wakubwa wa ukoo walitaka lisomeke Vernon Gaines wa Tatu na basi, lilingane na la marehemu babu yake, aliyezikwa hapo karibu, na Corinne, ambaye familia hii haikumpa sababu ya kuipenda, alisema Alhamisi pale jikoni kwamba atakubali lolote litakalompa baba amani. Shemasi ndiye aliyejibu.

"Vernon alipewa bure, hakulifanyia kazi," alisema. "Hilo lingine alilitolea jasho. Andikeni hilo."

"Na Vernon, Baba?" Corinne akauliza.

"Vernon Gaines bado yuko hai. Ataandikwa siku yake."

Kwa hiyo jiwe litaandikwa jina la kazi yake, na chini yake, mwana wa Vernon na Ardelia. Wasikilizaji wa Alhamisi waliona, na Shemasi mwenyewe aliona, kwamba hata katika kuliamua jambo hilo alisema hilo lingine, na jina lenyewe hakulitamka.

Marehemu ameacha mke, Corinne, mtoto, Ardelia, baba, dada, na ndugu wengi wa pande zote mbili, ukoo wa Gaines na ukoo wa Isom, ambao leo wamekaa benchi moja baada ya muda mrefu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia New York, waliomvumilia pia baba yake na vifaa vyake, inawashukuru wenzake wa jukwaani na wa runinga waliokuja na kusimama nyuma bila kutaka viti vya mbele, inamshukuru Bwana Vernon Gaines wa Newark, Mchungaji Tillery na kanisa lote, na majirani ambao tangu tulipopata habari hawajaacha jiko la Shemasi likae bila chakula. Wenye kosa na familia hii ni wengi kuliko waliotajwa, na familia yenyewe ina makosa kwao, na tunaomba tuachiliane.

Mstari uliobaki si wa msomaji. Shemasi Gaines ameomba autamke mwenyewe, na tunamwomba Renita amshike mkono asimame.

Gaines Isom, mwanangu, pumzika kwa amani.